Hesabu za konda nimezikuta darasani Uholanzi

Jana binti yangu karudi na karatasi ya shule, nikaishika weee sisemi kitu. Ana miaka saba, tunaishi Utrecht, na kwenye karatasi wamechora basi. Limetoka na watu 6, kituo kinachofuata wameshuka 2 wamepanda 5, cha mbele wameshuka 4, je ndani wamebaki wangapi? Hakuna alama ya kujumlisha wala kutoa, ni mishale na basi tu. Jamani hii si ndo kazi yangu?

Mimi nimepiga ukonda miaka mitatu ruti ya Mbagala Kariakoo, Dar, enzi hizo nauli 400, denti 200. Mtu kabanwa katikati huko anakurushia elfu kumi, "kata watatu na denti mmoja", wewe unaning'inia mlangoni, unaita abiria, na elfu nane mia sita yake ishatoka mkononi. Hukosei, maana ukikosea jioni hesabu ya tajiri haitimii. Sasa mimi huyo huyo shule ya msingi nilikuwa nachapwa kila wiki kwa mafumbo ya treni, na treni yenyewe nilikuwa sijawahi hata kuipanda.

Najua mtakuja, "ameanza huyo, kafika Ulaya kasahau alikotoka". Sijasahau ndo maana inaniuma! Njia ya karatasi ile inatokana na mtu anaitwa Hans Freudenthal, alikuwa profesa wa hisabati hapa hapa Utrecht, akasimamia kwamba mtoto aanze na kitu anachoweza kukiona kichwani ndo aende kwenye namba, na sasa kuna taasisi nzima ina jina lake. Wapo huku huku Uholanzi wanaolalamika kwamba njia hiyo imepunguza mazoezi ya kukariri, na mimi naona jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani, sibishi. Ila kwetu tunaanza na kukariri na tunaishia hapo hapo.

Na vitu tunavyo! Fundi ujenzi anapiga skweya kona ya msingi kwa kamba, huku 3, huku 4, mshazari 5, kona inakaa nyuzi 90 kamili. Mama wa vitumbua anajua kilo ya mchele inatoa vingapi na mafuta yakipanda ale wapi. Hawa shuleni wanaitwa lini? Siku ya mchango wa madawati. Huku tarehe 27 Aprili, sikukuu ya mfalme, watoto wanatandika barabarani wanauza midoli yao na kurudisha chenji, wazazi wamesimama pembeni wanafurahi. Wa kwetu anauza ubuyu mwaka mzima na hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza faida yako shingapi.

Kuna atakayesema "darasa la watoto mia utachora basi saa ngapi wewe". Ni kweli, walimu wetu wanabeba mzigo mzito na simlaumu hata mmoja. Lakini dada yangu anafundisha darasa la pili, ana watoto 112, nikampigia picha ile karatasi nikamtumia. Leo kanijibu kwa voisi. Kachora Kosta ubaoni kwa chaki, kaandika Mbagala ubavuni, kawasimamisha watoto kumi mbele wawe abiria, wanashuka wanapanda, darasa zima linapiga kelele "wamebaki saba!", na kipindi kimeisha wanagombania nani kesho awe konda.