Meza yangu ilikuwa inakula wali

Meza ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilikuwa na tabia ya kula wali. Niliiunganisha mwezi wa tatu, mvua bado zinanyesha hapa Mtwara. Mbao tano za paina nilizibana hadi wembe usingepita katikati. Nikapaka vanishi, nikapiga picha, nikawatumia hadi watu ambao hatujasalimiana tangu tumalize sekondari. Kusi iliposhika kasi mwezi wa saba, kati ya ubao na ubao ukaonekana mstari mwembamba kama uzi. Mwezi wa nane sarafu ya shilingi mia ilikuwa inapita humo bila kugusa kingo. Punje za wali zinadondoka, zinakwama, ncha ya kisu haizifikii, na baada ya siku mbili sisimizi wamepanga foleni kwenye mguu wa meza kama wakulima wanaosubiri malipo ya korosho.

Mama, ambaye tangu azaliwe hajashika randa, aliitazama akacheka. "Muhogo ukiuanika ukawa makopa, si unasinyaa? Sasa mbao ina tofauti gani?"

Haina tofauti. Mti una maji ndani ya nyuzi zake, na yakitoka ubao unasinyaa. Kwa urefu karibu haubadiliki, unapungua upana. Paina mbichi ikikauka kwa hewa inaweza kupoteza asilimia tatu mpaka nne ya upana wake. Meza yangu ilikuwa na upana wa sentimita 60. Piga hesabu: inakaribia sentimita mbili, ukizigawa kwenye maungio manne unapata karibu nusu sentimita kila moja. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Hesabu hiyo niliifanya baada ya sisimizi kufika.

Naandika haya kwa sababu siku hizi kila wiki kuna mtu ananiuliza aanzeje. Wameona video, wameona meza na rafu zinavyokamilika ndani ya dakika kumi, na jambo la kwanza wanaloniuliza ni drili gani wanunue. Nami nawajibu vilevile kila mara, hata wakinuna: huku kwetu anayeanza atafute mizani kabla ya drili.

Video nyingi zimetengenezwa nchi ambazo ubao unafika dukani ukiwa umekaushwa kwenye tanuri na umeshapigwa randa pande zote nne. Yule kijana kwenye kioo anaunganisha tu vitu vilivyonyooka. Sisi paina yetu nyingi inatoka Nyanda za Juu Kusini, kule Mufindi kwenye shamba la Sao Hill, inapasuliwa, inapakiwa kwenye lori, inashushwa hapa kwenye joto na unyevu wa bahari. Unayoinunua ina magamba ya msumeno, imepinda kidogo, mwisho mmoja ni mnene kuliko mwingine, na ndani ina maji. Muuzaji atakuapia kuwa ni kavu. Mimi niliapiwa.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mtu mzima pale Magomeni ya hapahapa Mtwara, ambaye kwa muda mrefu mchango wangu katika karakana yake ulikuwa kufagia takataka za randa. Nilimpelekea ubao mpya. Baada ya shikamoo hakusema kitu, akausogeza usoni mwangu.

"Mwalimu, weka shavuni."

Nikaweka. Ulikuwa wa baridi, kama mtungi. Akaleta mwingine kutoka darini, huo ukawa vuguvugu tu. "Basi hiyo baridi ndiyo maji. Ukiitengenezea kitu leo, kitaendelea kujitengeneza chenyewe ukiwa umelala."

Shavu la fundi limeshika mbao miaka mingi, langu bado halijasoma. Ndiyo nikaingia kwenye mizani. Ninakata kipande cha urefu wa sentimita 30 hivi kutoka katikati ya ubao (miisho hukauka haraka, itakudanganya), ninakipeleka duka la jirani kwenye mizani ya kupimia sukari, kisha ninaandika tarehe na gramu kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Mara ya kwanza muuza duka aliniuliza kama siku hizi mbao zinauzwa kwa kilo. Sasa amezoea, ananiuliza mwenyewe: "Imefika ngapi, mwalimu?" Kipande changu cha kwanza kilisoma gramu 910. Baada ya wiki mbili 820. Kisha 775, kisha 760, na wiki mbili baadaye 760 tena. Kikigoma kupungua, maji yaliyokuwa ya kutoka yameshatoka, na mbao zilizobaki barazani ziko tayari.

Barazani usizirundike. Inua rundo kutoka sakafuni, mchwa wa huku huwahi kuliko mpangaji mpya. Weka fito nyembamba kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, ziwe kivulini, na miisho uipake rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo, vinginevyo itapasuka kwanza. Paina ya inchi moja ilinichukua kama miezi miwili wakati wa kusi. Masika usijidanganye. Na hata ikishakauka haitulii moja kwa moja. Karibu na bahari ubao unavuta pumzi, unatanuka mvua zikija na kurudi kiangazi. Ndiyo maana bapa la juu la meza halikazwi kibubusa. Tundu la skrubu kwenye viunzi vya chini lichongwe kiyai, ubao upate pa kusogea.

Kuhusu mti wa kuanza nao, nina maoni makali. Mninga uache. Ni mti wa adabu, ukikauka haupindi ovyo, na ni mzuri mpaka unaona vibaya kuukalia. Lakini vipande vyako kumi vya kwanza utavikata kombo, na mninga uliokatwa kombo unauma hadi usiku. Mkongo nao ni hivyohivyo, tena vumbi lake litakupigisha chafya siku nzima. Siku utakayofikia hizo mbao za asili, nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha karatasi zake za maliasili. Msitu wa kusini hauhitaji mteja mwingine wa gizani. Mkorosho ni bure au karibu na bure, kila mwenye shamba ana mti mzee wa kukata, nami nilidhani nimeokota dodo. Nikatengeneza rafu ya vitabu. Kila asubuhi chini yake kulikuwa na unga mwororo kama mtu amepepeta sembe: bungua, mdudu anayetoboa mbao. Paina basi, au paleti, vile vichanja vya mbao vya kupangia mizigo.

Mtwara tuna bandari, na penye bandari hapakosi paleti. Tafuta muhuri uliochomwa kwenye ubao wa pembeni. Ukiona herufi HT, paleti hiyo imeuawa wadudu kwa joto, itumie. Ukiona MB, imefukizwa kwa methyl bromide, gesi ya sumu. Iache ilipo, wala usiibebe kwa ajili ya kuni. Isiyo na muhuri au yenye madoa usiyoyajua, iache nayo. Kuibomoa bila kupasua mbao ni kazi ya jioni nzima, lakini ukimaliza una mbao zilizokauka na misumari ya kunyoosha.

Sasa cha kutengeneza. Watu wanataka kuanza na kitanda. Ninaelewa, kitanda ndicho kinachokula hela, na malipo ya korosho yakitoka mafundi wa mji huu hawashikiki, kila mtu anaagiza kitanda na kabati wiki moja. Lakini kitanda kina maungio mengi, kinabeba watu wawili, na kikianza kulia usiku majirani watakuwa na habari zenu. Anza na kigoda cha jikoni.

Ubao wa inchi moja kwa kumi, urefu futi nne, unatosha na unabaki. Kata sentimita 36 za kukalia, miguu miwili ya kibao kila mmoja sentimita 21, na kipande cha 28 ambacho utakichana upana wa sentimita nane kiwe kiunzi cha kushika miguu chini ya kikalio. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea: nyuzi za mguu lazima zisimame wima. Ukiugeuza ubao ili kubana matumizi, nyuzi zikalala, mguu utakatika kama biskuti siku ambayo shangazi mwenye mwili wake atakuja kuwasalimia. Shangazi yangu hakuumia. Alisema kigoda hicho hakikulelewa vizuri.

Kila tundu la skrubu litoboe kwanza kwa keekee nyembamba, hasa karibu na mwisho wa ubao. Na zile skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo ndizo rahisi na ziko kila duka, ziache kwa mafundi wa dari. Hewa ya chumvi ya hapa inazila, kisha zinakatika kichwa. Tafuta zilizopakwa zinki. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe hadi pembe chini ya miguu, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kigoda kimenyooka. Visipolingana, kisukume kwa kiganja mpaka vilingane. Hakuna chombo cha dukani kinachoshinda kamba kwenye jambo hili.

Vyombo, basi, ni hivi: msumeno mmoja unaokata kweli, nyundo, patasi ya robo tatu inchi, bisibisi, skweya, futi kamba, msasa. Drili ya kuazima. Randa ya mkono nayo naipenda kwa sababu zangu mwenyewe, kwa ile sauti yake tu, ingawa kwa pesa kidogo utapigiwa ubao wako kwenye mashine na ukafika nyumbani mapema. Kwa kupaka, vanishi mikono miwili. Mzee mmoja wa Mikindani alinishauri nipake sifa, mafuta ya papa, kama mashua, akasema haitaoza milele. Namwamini. Lakini jikoni kwetu mna pua za watu.

Kuna jambo moja linalonikera. Nikisema nimetengeneza kigoda, watu wa mikoa mingine hucheka: "Wewe Mmakonde wa Newala, kuchonga si umezaliwa nako?" Wale wachongaji wa mpingo wamekaa chini miaka na tezo, wanachonga mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Hakuna aliyezaliwa nao ufundi huo. Ukisema uko kwenye damu, umemnyang'anya mtu miaka yake yote ya kukosea. Na ndiyo maana wateja hao hao wanapofika karakana wanashusha bei mpaka chini ya bei ya mbao: wanadhani kazi yenyewe inatoka bure mkononi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishawahi kugombana na fundi kwa sababu ya kuchelewesha kabati, kumbe mbao zilikuwa darini zinakauka na yeye hakupata maneno ya kunieleza, au aliyapata mimi sikusikia. Sasa nikiagiza kitu nauliza kwanza, "Mbao umeziweka lini?" Kuna mafundi wanaonitazama kwa furaha, na kuna wanaokumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi.

Meza ile bado ninayo. Nilifungua skrubu zote, nikasogeza mbao zikakutana upya, nikaongeza ubao mwembamba wa sita kuziba pengo lililobaki ukingoni. Una rangi tofauti na wenzake, wageni wote wanauuliza. Kigoda anakikalia mama akikuna nazi, na sasa ameagiza benchi la barazani, refu, la watu watatu, liwepo kabla ya mfungo.

Mbao zake ziko kwenye fito nyuma ya mlango. Kipande chake cha kupimia jana kimesoma gramu 840. Wiki iliyopita kilikuwa 865. Mama nimemwambia asubiri, ameguna, amekwenda kuweka shavu mwenyewe.