Pikseli Moja Haitumiki Mara Mbili: HD, Full HD na 4K kwa Mnunuzi wa Lubumbashi

Anayekwenda kununua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika mjini Lubumbashi mara nyingi huwekewa mezani mashine mbili zinazolingana karibu kwa kila kitu: skrini zote mbili ni za inchi 15.6, kumbukumbu ni ileile, hata michubuko ya kifuniko inafanana. Tofauti ni kwamba moja muuzaji anaiita HD na nyingine Full HD, na kwa hiyo ya pili anaomba dola za ziada. Ndani ya kabati la kioo ipo ya tatu, ya 4K, ambayo bei yake haitajwi mpaka uulize. Kwamba nukta nyingi ni bora kuliko nukta chache ni jambo ambalo kila muuzaji atakuambia, wala hasemi uongo. Ila hasemi nukta hizo zitakufanyia kazi gani.

Sisi tuliofundishwa kompyuta kwa Kifaransa tuna faida ndogo hapa, kwa sababu lugha hiyo hutenganisha mambo mawili ambayo dukani huchanganywa: definisyo, yaani hesabu ya nukta zote za skrini, ambazo ndizo pikseli, na rezolisyo, yaani jinsi zilivyosongamana katika kila inchi. Ile inayoitwa HD huwa na pikseli 1366 kwa 768, jumla milioni moja na kidogo. Full HD ina 1920 kwa 1080, milioni mbili na kidogo. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Juu ya inchi 15.6, msongamano unakuwa takribani nukta 100, 141 na 282 kwa kila inchi.

Wanaotetea nukta nyingi huanza na jicho, na wana haki. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya kama sehemu ya 60 ya digrii, pembe ambayo, kwa mtu aliyekaa sentimita 50 kutoka kwenye skrini, ni sawa na milimita 0.15 hivi. Pikseli ya HD ina robo ya milimita, kwa hiyo kingo za herufi huonekana zimekatwakatwa kama ngazi. Ya Full HD ina milimita 0.18, nayo hupotea machoni mtu akirudi nyuma kidogo tu. Ya 4K haifiki hata milimita 0.1, na kwa umbali huo jicho lilikwisha kushindwa kuitenga na jirani yake. Hatua kutoka HD kwenda Full HD, basi, kila mtu anaiona. Hatua inayofuata wengi wetu tunailipia bila kuiona.

Hoja yao ya pili ni nafasi, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Ukurasa wa A4, ukifunguliwa katika Word kwa asilimia 100 bila skrini kukuzwa, unahitaji pikseli 794 kwa upana na 1123 kwa urefu. Skrini yenye mistari 768 ya pikseli, ikishapunguziwa utepe wa vitufe ulio juu na upau wa Windows ulio chini, haibakizi hata nusu ya ukurasa huo. Mwenye sekretaria ya kuchapa TFC, yaani kazi za kuhitimu za wanafunzi, anayepandisha na kushusha ukurasa tangu asubuhi ili kulinganisha jedwali na maelezo yake, anaijua adha hiyo bila kuambiwa namba yoyote. Kwenye Full HD sehemu kubwa ya ukurasa inaonekana, na kurasa mbili zinakaa bega kwa bega, maana zinataka pikseli 1588 na upana upo wa 1920.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Maandishi ya Full HD yakiachwa bila kukuzwa huwa madogo, na Windows yenyewe kwa kawaida hupendekeza kuyakuza hadi asilimia 125 kwenye inchi 15.6, na hadi 150 kwenye inchi 14. Ukikubali 125, nafasi ya kazi inakuwa sawa na 1536 kwa 864, na zile kurasa mbili hazikai tena. Ukikubali 150 unabaki na 1280 kwa 720, nafasi ndogo kuliko ya ile mashine ya HD uliyoidharau! Mwenye 4K akikuza kwa asilimia 250 anarudi palepale pa 1536 kwa 864. Pikseli ikishatumika kunyoosha herufi, haiwezi kutumika tena kuongeza nafasi. Kijana mwenye macho makali ataacha asilimia 100 na kupata nafasi. Mzee anayevaa miwani atakuza na kupata herufi safi. Wote wawili wanaweza kusifu mashine moja, kila mmoja kwa sababu isiyo ya mwenzake.

Upande wa pili una hoja ambayo katika mji wetu haipuuziki, nayo ni umeme. Kadiri pikseli zinavyokuwa ndogo ndivyo nyaya na swichi zinazoziendesha zinavyoziba sehemu kubwa zaidi ya njia ya mwanga, na taa ya nyuma hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi ili skrini ing'ae vilevile. Ndiyo maana mashine iliyotengenezwa kwa Full HD na kwa 4K, betri ikiwa ileile, huzimika mapema katika umbo lake la 4K. Kushusha definisyo katika mipangilio hakusaidii sana, kwa kuwa taa iko palepale, na mara nyingi herufi hugeuka ukungu. Anayefanya kazi nyumbani Katuba au Ruashi, umeme ukiwa umekatika na jirani hajawasha jenereta, anahesabu saa za betri kabla ya uzuri wa herufi. Tukumbuke pia kwamba betri ya mtumba imeshachoka.

Wapo ambao 4K inawafaa kweli: mchora ramani za migodi, ambaye mistari yake myembamba hushikamana kwenye skrini yenye pikseli chache, na mpiga picha anayekagua kama jicho la bibi harusi limetulia au limetikisika. Hata hao wajaribu kwanza programu zao, kwa maana baadhi ya zile za zamani hazikubali kukuzwa, na vitufe vyake kwenye 4K huwa vidogo kama punje za ulezi.

Kwa wengine, mimi naegemea Full HD, na ikipatikana ya 1920 kwa 1200 ni afadhali zaidi, kwa kuwa mistari 120 inaongezeka palepale ambapo ukurasa unapungukiwa. Sitoi kauli hiyo bila sharti: skrini ya HD yenye mwanga wa kutosha na rangi zisizogeuka ukiitazama kwa pembeni naichukua kabla ya Full HD iliyofifia, hasa kwa mtu anayefanyia kazi barazani mchana. Kibandiko kisiaminiwe. Mwombe muuzaji afungue mipangilio ya skrini, usome namba iliyoandikwa kuwa inapendekezwa, kisha ufungue ukurasa wa A4, uuweke kwa ukuzaji unaoweza kuuvumilia kutwa nzima, na uhesabu mistari ya maandishi inayoonekana.