Loweka maharage, niache nilale

Ijumaa iliyopita kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipata mgeni. Mwezeshaji. Kijana msafi, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Mwanga, hapa Kigoma mjini, limeonywa lisimguse. Tuliitwa saa nane kamili, tukaanza saa tisa na nusu kwa sababu projekta ilikosa waya. Mada ilikuwa namna ya kuokoa pesa nyumbani bila gharama.

Bila gharama. Lishikeni hilo neno, nitalirudia.

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa dagaa. Akasema akina mama wa Kigoma tunatupa pesa kwa kununua dagaa waliokwisha kukaushwa pale sokoni, wakati tungeamka saa kumi alfajiri, tukashuka mwaloni Kibirizi, tukanunua wabichi kwa bei ya mvuvi, tukarudi kuanika wenyewe. Akaonyesha hesabu ukutani: kwa wiki unaokoa 4,000. Akabonyeza kitu, tarakimu ya mwaka mzima ikaingia inazunguka kama pia: 208,000! Wanawake wakapiga makofi. Nami nilipiga, sikatai, makofi yanaambukiza kama miayo.

Bibi mmoja wa Ujiji aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hongera kwa kazi. Leo umeamka saa ngapi?"

"Shikamoo bibi. Nimelala gesti, nimeamka saa moja na nusu."

"Marahaba. Na chai ulichemsha mwenyewe?"

Nilicheka mpaka khanga ikalegea. Ila usiku, nikiwa naosha vyombo, kicheko kilikauka nikaanza hesabu yangu mimi. Kuamka saa kumi. Bodaboda ya usiku kwenda Kibirizi, maana kutembea peke yangu saa hiyo sitembei. Kugombea ndoo. Kurudi. Kuanika, na dagaa haanikwi akasahaulika: anataka kugeuzwa, anataka mtu wa kufukuza kuku, anataka mtu wa kukimbia naye ndani wingu likitanda. Halafu ukimwanika chini kwa kukosa chanja, unakula mchanga wa Kibirizi na wa uani kwako kwa pamoja. Piga saa zote hizo, mara wiki hamsini na mbili. Kwenye ule ukuta saa zangu hazikuwa na safu. Ziliandikwa sifuri.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mama anayekuja kunifulia nusu siku namlipa. Nisipomlipa ni dhulma, na yeye mwenyewe ataniambia hivyo mbele ya majirani. Sasa nikifua mimi eti ni bure? Tengeneza sabuni mwenyewe, bure. Finyanga mkaa wa vumbi mwenyewe, bure. Panda mchicha kwenye viroba, kamua mafuta, shona yunifomu, saga unga wa lishe, bure, bure, bure. Kila ushauri wa kuokoa pesa ukiufuata mpaka mwisho unakuta mikono, na mikono hiyo ni ya mwanamke. Ikichoka, inafuata ya binti yake aliyetakiwa kuwa anafanya hesabu za shule. Sijawahi kumsikia mwezeshaji akiwaambia akina baba waamke saa kumi kwenda kununua soda kwa jumla ili waache kuinunua moja moja kijiweni. Au hiyo nayo ina slaidi yake mwisho, tukaondoka mapema?

Najua kuna watakaosema nimepata kazi ya ofisini nikasahau nilikotoka. Sawa. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba asiyekuwa na shilingi kabisa mtaji wake ni muda, na mama yangu alitusomesha kwa huo muda. Nakubali pia kwamba viroba vya mchicha vinafanya kazi. Ninavyo vinne nyuma ya nyumba, viwili vyangu na viwili vya mbuzi wa jirani. Lakini tuseme wazi kwamba ni kazi, tena kazi ngumu, tusiite bure. Mama yangu mwenyewe leo hawezi kuinama kufunga kiatu.

Kwa hiyo mwenzenu nimejiwekea sharti moja. Mbinu ya kuokoa pesa inayonila zaidi ya dakika tano kwa siku sio mbinu, ni ajira, na ajira tuzungumze mshahara. Inayopita kwenye hilo tundu naichukua. Na inayopita kwa raha kuliko zote ni maharage.

Tunakaa mkoa wa maharage. Kasulu, Buhigwe, Kibondo, kote huko yanalimwa, na nyumba nyingi hapa mjini mezani hayakosi. Yanaanguka bei rahisi, kisha yanalipiza kisasi jikoni. Kwa miaka mingi nilikuwa naosha maharage saa tatu asubuhi Jumapili, nabandika makavu hivyo hivyo, nachochea, naongeza maji, naongeza mkaa, naonja, bado, naongeza mkaa. Saa saba watoto wanazunguka jiko kama paka. Kisado cha mkaa cha 2,000 kilikuwa kinanifikisha siku ya nne, ya tano nikijitahidi.

Sasa usiku, kabla ya kuzima taa, nachukua bakuli langu la plastiki lililopasuka ukingo, namimina maharage, natoa mawe mawili matatu, naongeza maji mara tatu ya kimo chake, nafunika kwa sahani. Hiyo ndiyo kazi yote. Baada ya saa moja hivi ngozi zake zinajikunja kama vidole vya mtoto aliyekaa sana ziwani. Alfajiri yamenyooka, yamenenepa karibu mara mbili, ukibonyeza kwa ukucha unaingia. Namwaga maji yale, yanaondoka na sehemu ya ile gesi inayotutia aibu kanisani, nasuuza, nabandika. Kisado kilekile sasa kinagusa siku ya sita. Sijapima kwa mizani ya maabara, nimepima kwa pochi yangu.

Mama mkwe alikataa. Alisema maharage yaliyolowekwa hayana ladha, ni chakula cha bweni. Nikanyamaza. Wiki mbili nikampikia yaliyolowekwa bila kumwambia, na alipouliza mbona siku hizi mchuzi wangu umekuwa mzito nikajibu, "Ni dua zako mama." Mungu anisamehe.

Kuna mambo nimejifunza kwa kuungua. Ukiyaloweka asubuhi ukaenda kazini, joto letu hili la kabla ya mvua litakukabidhi jioni bakuli la povu na harufu ya togwa. Nimeshamwaga nusu kilo hivyo, na iliniuma. Loweka usiku, au badilisha maji mchana kama kuna mtu nyumbani. Nyanya na limau subiri kwanza yaive, maana uchachu unayafanya yawe magumu. Magadi yanaharakisha kweli, sibishi, lakini yanaharibu vitamini, na ukizidisha unakula maharage yenye ladha ya sabuni. Na ukipewa maharage ya msimu uliopita yaliyokaa stoo yamesahauliwa, hayo hata uyaloweke na kuyaombea yatachelewa tu. Muulize muuzaji ni ya lini. Atakudanganya, lakini utakuwa umemtazama usoni.

Halafu moto. Jamani, moto! Maji yakishachemka yamechemka. Sufuria linalorusha kifuniko na sufuria linalotokota taratibu, maji yake yana joto lilelile. Kinachozidi kwa lile la kwanza ni mvuke, na ule mvuke ni mkaa wako unapaa kwenda kusalimia bati. Yakianza kuchemka funga mlango wa hewa wa jiko, funika sufuria, nenda kaangalie mambo yako. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tuko mita mia saba na sabini na kitu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata ile nyuzi 100 ya kitabuni hatuifikii, maji yetu yanachemka kwenye 97 hivi. Kasulu kuko juu zaidi, kunachemka kwa joto dogo zaidi. Dada yangu aliyeolewa kule kila akija anasema maharage ya huku ni laini kuliko ya kwao. Ni maharage yaleyale, dada. Tena tunayatoa kwenu.

Siku nikiwa na safari nafanya uvivu mkubwa zaidi. Nina tenga kuukuu nililolijaza blanketi mbili chakavu na koti ambalo baba watoto anadhani lilipotea. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha kwa nguvu, sufuria likiwa limejaa na limefunikwa vizuri, dakika ishirini. Naliipua, nalizika ndani ya lile tenga, nafunika juu, naondoka. Saa nne, tano baadaye narudi, yameiva kwa joto lake lenyewe na jiko ni la baridi. Nayachemsha tena kidogo, naunga, tunakula. Msiruke kule kuchemsha kwa mwanzo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo haifi mpaka yachemke sawasawa dakika kumi au zaidi. Ukiyaweka vuguvugu kwenye tenga ukategemea miujiza, utalala na ndoo pembeni. Na usifungue fungue kuchungulia, kila ukichungulia joto linatoka.

Hesabu ya dakika: usiku moja na nusu, asubuhi mbili. Zinabaki moja na nusu za kusoma hapa.

Mengine nayapitia haraka. Dagaa, ndiyo, nimeutafakari ule ushauri, na kuna punje ndani ya makapi. Usiende Kibirizi, tazama juu. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina maana, wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Nunua wakavu wakati wa giza, hapo hapo sokoni, wa kukuvusha mwezi mpevu. Kutazama juu ni bure kweli. Na serikali ikitangaza kupumzisha ziwa, yaani kufunga uvuvi kwa muda, kama ilivyofanya kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, weka akiba wiki mbili kabla, usisubiri siku ya mwisho ukapigane na wafanyabiashara wa Dar es Salaam.

Pasi. Nyingi zinakula kama wati 1,000, maana yake ikivuta umeme saa nzima bila kukata ni uniti nzima. Kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja ni kulipia chuma kipate joto mara tano kwa wiki. Nyoosha yote Jumapili, au olewa na mtu anayevaa fulana.

Mawese nunua dumu msimu yakiwa mengi, mkichangia majirani watatu. Ya kupima ni ghali siku zote, na hilo halihitaji semina, tunalijua. Tunachokosa ni pesa ya dumu kwa mkupuo, na ndiyo maana tuko kwenye kikundi, mheshimiwa mwezeshaji, sio kwa sababu hatujui kuzidisha.

Jiko la presha la umeme nimelionja kwa rafiki. Maharage ndani ya saa moja, na umeme uliokwenda haukufika uniti moja. Sisi tuliozeeka tukisikiliza jenereta za dizeli zikikohoa tulidhani kupika kwa umeme ni kufuru, ila hesabu ukiiweka mezani mkaa ndio unaona aibu. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Vizuri sana. Bei ya lile jiko dukani, hata hivyo, ni mkaa wangu wa miezi mingi kwa siku moja, na muuza mkaa ananikopesha. Muuza jiko aliniangalia tu. Nimeliombea mkopo kwenye kikundi. Nitawaambia.

LUKU na ile kodi ya jengo inayokatwa humo humo tangu 2021, mimi mpangaji nikilipia jengo la mwenye nyumba anayenipandishia kodi kila Januari, leo siigusi. Nina presha.

Saa nne na robo usiku. Bakuli limeshafunikwa, nasikia vile viputo vidogo vya maharage yakianza kunywa maji. Katibu ametuma ujumbe kwenye simu: mwezeshaji anarudi Ijumaa, wahudhurie wote, atakayekosa faini 2,000. Mada ni mama na matumizi bora ya muda. Saa nane kamili.

Bibi wa Ujiji amejibu peke yake. Ameandika: "Waya wa projekta upo?"