"Hesabu sina kichwa nazo"

Darasa letu lilikuwa na vipanga na vilaza. Mwalimu wa hesabu alirudisha karatasi kuanzia alama za juu kushuka, akiita jina na alama kwa sauti. Mimi nilizoea kungoja. Kufika kidato cha tatu nilikuwa nasema mwenyewe, bila kusukumwa: "Hesabu sina kichwa nazo."

Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, amechunguza kauli za namna hiyo kwa miaka mingi. Anaita mtazamo mgando ile imani kwamba akili ni fungu ulilozaliwa nalo, na anasema kinyume chake, kuamini kwamba uwezo hukua, humfanya mtu ang'ang'ane. Mwaka 1998 yeye na Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kuwa wana akili waliyumba walipopewa maswali magumu. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kuhangaika nayo. Hilo halinishangazi. Vipanga wetu walikuwa waoga kuliko sisi, maana wao walikuwa na cheo cha kupoteza.

Ila nje ya maabara mambo hupoa. Matokeo yaliyochapishwa 2019 kutoka Marekani yaliwahusu wanafunzi zaidi ya 12,000 waliopewa somo la kompyuta lisilofika saa moja. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kama pointi 0.1 kwenye wastani wa alama unaoishia 4 hivi. Ni kidogo, ingawa kwa kazi ya saa moja si haba. Tena faida ilionekana zaidi kwenye shule ambazo kujaribu jambo gumu lilikuwa jambo la kawaida kwa wanafunzi. Mwaka huohuo, jaribio la Uingereza lililohusu shule za msingi zipatazo 100 halikuona nyongeza yoyote katika hesabu.

Sasa rudi Tanzania, ambako kwenye mtihani wa kidato cha nne wanaofaulu hesabu wamekuwa robo hivi, miaka mingine hata pungufu. Mhamasishaji atakwambia hao wengine wabadili mtazamo, wapige msuli, wakomae. Hapo ndipo ninapoachana naye. Mpwa wangu, yuko kidato cha kwanza, alileta karatasi nyumbani. Swali lilitaka tofauti ya bei mbili, yeye alijumlisha. Nikamuuliza lilelile kwa Kiswahili, akajibu kabla sijamaliza. Miaka saba alisoma hesabu kwa Kiswahili, kisha Januari moja kila kitu kikageuka Kiingereza. Hapo kwenye mtazamo wake kuna kipi cha kurekebisha? (Dweck mwenyewe amelalamika kwamba watu wamegeuza hoja yake kuwa sifa tupu za "umejitahidi", wakati anasisitiza pia mbinu na msaada.)

Hata hivyo simtupi Dweck. Kumwita mtoto kilaza kunaharibu, na kuacha kumwita hivyo hakuhitaji bajeti ya wizara. Ninachokataa ni kumwachia mtoto peke yake kazi ya kuamini, huku sisi wakubwa tukinawa mikono.

Juzi mpwa wangu alipata 31. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika "Ongeza bidii." Nimeipekua karatasi yote nikitafuta alama inayoonyesha ni neno gani lilimkwaza. Hakuna.