Rufaa ya mwanafunzi ijibiwe kwa sababu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akikata rufaa ya matokeo, ana haki ya kuelezwa kwa nini imekubaliwa au imekataliwa. "Hakuna mabadiliko", maneno mawili yaliyobandikwa ubaoni mbele ya namba yake ya usajili, si jibu. Nilipokuwa waziri wa elimu kwenye serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja Arusha niliyasoma majibu ya aina hiyo mpaka nikayazoea. Sasa naishi Moshi, na kila matokeo yakitoka wadogo zetu wananionyesha yaleyale kwenye simu zao.

Wengi walio nje ya chuo hudhani anayekata rufaa ni mvivu anayetafuta huruma. Si kweli. Rufaa nyingi nilizozisindikiza hazikumbishia mwalimu namna alivyosahihisha. Zilihusu alama zilizopotea njiani. Vyuo vyetu vingi vinagawa alama hivi: 40 za kozi weki na 60 za mtihani wa mwisho, ule tunaouita UE. Hizo 40 zinatoka kwenye testi, kazi ya mtu mmoja mmoja, na kazi ya kundi ambayo CR, mwakilishi wa darasa, aliikusanya na kuipeleka ofisini kwa mwalimu. Mwalimu anazijaza kwenye Excel, kisha zinahamishiwa kwenye mfumo wa matokeo. Ukiruka mstari mmoja tu, mtu anapewa alama za jirani yake. Darasa likiwa na mamia ya watu, makosa ya namna hiyo lazima yatokee, na simlaumu mwalimu kwa hilo.

Namkumbuka dada mmoja wa mwaka wa tatu. Testi zake mbili alikuwa nazo mkononi, zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu: 13 kati ya 15, na 11 kati ya 15. Kwenye mfumo kozi weki yake yote ilisomeka 9 kati ya 40. Alipofika idarani aliambiwa aandike barua. Akaenda steshenari, akachapisha barua yake, YAH: RUFAA YA MATOKEO, akaambatanisha nakala za testi zote mbili. Akapewa kontroli namba, akalipia ada ya rufaa kwa hela aliyoiweka kwa ajili ya kodi ya chumba. Wiki kadhaa baadaye jibu likabandikwa: hakuna mabadiliko.

Tulipofuatilia ndipo tukaelewa. Kilichosahihishwa upya ni karatasi ya UE, ambayo yeye hakuwa na ugomvi nayo hata kidogo. Kozi weki haikuguswa, kwa kuwa utaratibu wa rufaa wa chuo kile uliijua karatasi ya mtihani tu. Testi zake zilikuwa zimepigwa pini nyuma ya barua, na sidhani kama kuna aliyezifunua. Akafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo ambalo alikuwa amelifaulu. Kama jibu lingetaja kilichokaguliwa, kosa lingeonekana siku ileile.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema haki za mtu zinapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana "haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu", na pia haki ya kukata rufaa. Kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, kunamuondoa mtu chuoni na kumkatia bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Sioni ni kwa hoja gani uamuzi mzito kiasi hicho utolewe na mwenye kuamuliwa asijue hata karatasi ipi ilifunguliwa.

Nimewasikia wahadhiri wakisema tukifungua mlango huu kila mtu atadai A. Hofu hiyo naielewa, na naamini mizani ya kitaaluma ibaki mikononi mwa wanataaluma. Lakini hilo lina ufumbuzi. Kule England na Wales, kwa sheria ya elimu ya juu ya 2004, kuna ofisi huru ya kupokea malalamiko ya wanafunzi waliomaliza ngazi zote za ndani ya chuo. Mwanafunzi halipi chochote. Ofisi hiyo haigusi tathmini ya kitaaluma. Inaangalia kama chuo kilifuata taratibu zake na kumtendea mtu haki. Sisi tunayo TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, tangu 2005. Ngazi huru ya namna hiyo ingeweza kuwekwa chini yake au pembeni yake, na mtoto wa mkulima wa Rombo asilazimike kufikiria Mahakama Kuu kwa ajili ya alama za testi.

Lipo jingine, na hili linaniuma zaidi. Kuna anayefelishwa kwa sababu amemkataa mwalimu. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mahali pake ni TAKUKURU. Ila binti wa miaka 21 anaanza na mlango anaoujua, na barua yake inapitia kwa mkuu wa idara, ambaye ofisi yake imepakana na ya huyohuyo anayemlalamikia. Malalamiko ya aina hii yasipitie idarani kabisa, hata kwa nakala.

Ninachodai kwenye rufaa za kawaida ni ukurasa mmoja. Uandikwe kilichokaguliwa: UE, kozi weki, au ujumlishaji. Uonyeshe kuwa aliyekagua siye aliyesahihisha mara ya kwanza. Useme alikuta nini. Na mwanafunzi aruhusiwe kuiona karatasi yake mbele ya afisa, kabla hajalipa hata senti. Vyuo vingi vina wawakilishi wa wanafunzi ndani ya Seneti, kikao cha juu cha taaluma kinachopitisha matokeo. Wapeleke hoja hii kwenye kikao kijacho, kabla matokeo ya muhula huu hayajapitishwa.