Chumvi ya Uvinza na mawe ya tochi

Naandika mwenyewe kabla hamjalishwa zaidi. Najua wengi mmeshapata toleo la Bwana Kipaza, mwenzangu wa darasa la Kiingereza, kuhusu yaliyonikuta darasani Jumanne. Kalirusha juzi usiku kwenye grupu la kijiwe cha kahawa Ujiji, na kulipokucha shangazi yangu wa Kasulu alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama ni kweli nimekamatwa na betri ya gari. Shangazi, shikamoo, sijakamatwa. Na sikusema betri ya gari. Nilisema betri ndogo, mawe ya tochi. Tuwekane sawa hapo kwanza.

Mnajua nataka kusoma kriminolojia, elimu ya uhalifu, na chuo ninachokiomba kinataka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Kwenye kusoma sina shida. Nipe kurasa ishirini za Lombroso, yule daktari wa Italia aliyeandika mwaka 1876 kwamba kuna watu wamezaliwa wahalifu na unaweza kuwajua kwa taya na masikio, nitakueleza mpaka mahali alipochemka. (Masikio ya Bwana Kipaza niliyapima siku hiyohiyo. Kwa Lombroso angekuwa ndani tangu chekechea.) Ugonjwa wangu ni kusikiliza. Kiingereza chote nilichonacho nimekiingiza kwa macho, na nakisoma kilivyoandikwa, kama Kiswahili. "Assault" kwangu mimi ni asaulti. Nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu, nimeiandika kwenye daftari mara kibao: asaulti. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba likiwa mdomoni mwa Mwingereza linageuka neno jingine kabisa.

Jumanne jioni, basi, darasa la Madam, kile chumba nyuma ya duka la fotokopi pale Mwanga. Tulikuwa tisa. Mbele yangu anakaa dada mmoja wa masjala ya mahakama, mtu mpole, daftari lake lina jalada la maua. Simtaji. Ila nakaa nyuma yake tangu mwezi wa tatu, na si kwa sababu ya feni. Bwana Kipaza analijua hilo, ndiyo maana kisa hiki kwake kina nyama mara mbili.

Madam akaweka spika mezani. Akasema anapiga mara moja tu, kama kwenye mtihani wenyewe, maswali 40 na sauti hairudiwi. Akabonyeza. Jamaa wa Uingereza akaanza kuongea kama kameza kiazi cha moto. Mimi kichwa chini, kalamu juu, na nilichodaka ni hiki. "Charged": nikaandika kuchaji. "Salt": chumvi. "Battery": hapo nikatabasamu peke yangu. "Cell": seli. Wadau, semeni ukweli, mtu akikutajia chaji, betri na seli kwa pumzi moja, nyie mngefikiria nini?

Chumvi ndiyo ilinikwaza kidogo. Halafu ikajipanga yenyewe. Mimi mtoto wa Kigoma, mwisho wa reli, kwetu chumvi ni Uvinza inakotengenezwa, na mwenye chumvi ni mfanyabiashara. Kesi imekamilika.

"Nani atueleze kilichotokea? Kwa Kiswahili, nione kama mmeelewa kweli."

Wenzangu wote wakainama kama wanatafuta sarafu chini ya benchi. Mimi nikanyoosha mkono mpaka kwapa likaonekana.

Nikasimama. Nikakohoa kidogo, ile ya msomaji wa habari. "Mshitakiwa ni mfanyabiashara," nikasema, "aliyeiba chumvi na betri." Madam akapandisha nyusi. Nikadhani ananisifu, nikakanyaga mafuta. Nikasema betri zile zilikuwa zimekwisha, akawa anazichaji kwa maji ya chumvi usiku ili aziuze kama mpya, na kosa lenyewe ni hapo, kumdanganya mlaji. Bado sijakaa. Nikaleta na ushahidi: bibi yangu kule Kalinzi alikuwa anaanika mawe ya redio juani, jioni anayang'ata, na taarifa ya habari ya saa mbili anaipata vizuri tu. Nikaona labda hawajaelewa anavyong'ata. Nikaichukua kalamu yangu, nikaitia mdomoni, nikaing'ata mbele ya watu wazima, polepole, kwa jino la pembeni, huku naizungusha ili waone alikuwa anabonyeza wapi.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho Bwana Kipaza hakukisema. Feni tu, kwi, kwi, kwi. Yule dada akageuka. Miezi yote hiyo nilisubiri ageuke, na siku anageuka nina kalamu mdomoni kama mbwa na mfupa.

"Kaka," akasema taratibu, kama anamwambia mgonjwa, "ni shambulio. Alimpiga mtu. Sisi kazini tunaandika shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241."

Nikaitoa kalamu. Ilikuwa na mate.

Madam akaona anitafutie pa kutokea. Akaeleza kwamba "salt" yangu ilikuwa mkia wa "assault", "charged" ni kushtakiwa, "cell" ni chumba cha mahabusu, na kwamba kwa sheria ya Uingereza "assault" ni kumtia mtu hofu kwamba utampiga sasa hivi, na "battery" ni pale ngumi inapofika. Halafu, kwa huruma kabisa, akaniuliza swali rahisi: "And what was the sentence?"

Sentensi! Hili nalijua tangu shule ya msingi.

"Sikuidaka yote, Madam, lakini ilikuwa fupi. Kama maneno kumi."

Bwana Kipaza alianguka. Si usemi, alianguka kutoka kwenye benchi, na jamaa wa fotokopi akaja mbio akidhani kuna mtu kapata kifafa. "Sentence" aliyoiuliza Madam ni adhabu, na ilikuwa miezi sita, kama mnataka kujua.

Mengine mnayajua. Usiku nilifungua kamusi kutafuta utetezi na nikaupata: "battery" imetoka kwenye Kifaransa, ni kupiga, ikahamia kwenye mizinga iliyopangwa safu, na mwaka 1749 Benjamin Franklin akaliazima kwa safu ya chupa zake za kuhifadhia umeme. Kwa hiyo kipigo na betri ni ndugu wa damu! Nikaliweka kwenye grupu. Nikajibiwa na picha tatu za pakiti za chumvi. Mmoja akaongeza kwamba Kiswahili ni lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, sasa mimi Kiingereza nakitafutia nini. Tangu jana muuza duka wetu ananiuliza, "Chumvi tu, au na mawe?"

Leo Alhamisi tunaendelea. Madam ameshatuma mada, "bail". Nimeangalia, ni dhamana, na safari hii nimetafuta hadi inavyotamkwa. Dakika tano baadaye ikaingia meseji ya Bwana Kipaza: "Kaka, Alhamisi ni mabelo ya mitumba. Si mjomba wako anauza? Njoo na moja la mfano, dada ameuliza kama utaling'ata."

Sijamjibu. Ila kwamba dada ameuliza, hilo nimelisoma mara nne.