Kibali cha Shambani, Bomba la Kijijini

Kijana wa miaka thelathini na ushei anataka kujenga nyumba kwenye kona ya shamba la baba yake. Kiwanja anacho, baba ameridhia, benki imekubali kumkopesha. Halmashauri ya kaunti inamjibu kwa barua kwamba haiwezekani: hakuthibitisha haja ya kuishi hapo, barabara ni nyembamba, udongo haunyonyi maji vya kutosha. Mambo yakisimuliwa hivyo, mjadala wa kupanga makazi ya mashambani Ayalandi umekwisha kabla haujaanza. Nani atasimama na barua dhidi ya mtoto wa mwenye shamba?

Mimi nasimama karibu na barua kuliko wengi, na nitaeleza kwa nini. Ila kuna mahali pamoja ambapo barua hiyo inanishinda kuitetea, na hapo ndipo ninapotaka tufike.

Mjadala umepata nguvu mpya tangu Aprili 2025, bunge lilipoidhinisha toleo jipya la mpango wa taifa wa makazi na maendeleo. Nchi iliyohesabu watu milioni 5.15 katika sensa ya 2022 inatarajiwa kufika milioni 6.1 mwaka 2040, na mpango unataka zijengwe nyumba 50,000 hivi kila mwaka. Miji mikubwa itabeba mzigo mwingi. Lakini halmashauri zote zinatakiwa kupitia upya mipango yao, na katika kila mpango imo orodha ndefu ya vijiji vya watu mia tatu, mia tano, mia saba, ambavyo kila kimoja lazima kipewe jibu: nyumba ngapi, na zikae wapi.

Hilo la "zikae wapi" ndilo linalogombanisha watu. Kijiji cha Ayalandi mara nyingi ni barabara moja tu yenye kanisa, shule ya msingi, baa mbili, duka, uwanja wa michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Kiayalandi, pembeni, na posta kama haijafungwa. Familia nyingi za eneo hazikai kwenye barabara hiyo. Zimetawanyika mashambani, katika vitongoji vyenye majina ya kale ambavyo kisiwa kizima vinapita 60,000. Karibu robo ya nyumba zinazokaliwa Ayalandi ni za pekee za namna hiyo, kila moja na lango lake na, mara nyingi, tangi lake la majitaka. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuongeza watu bila barabara yake kuongezeka hata mlango mmoja.

Wanaotetea ujenzi wa shambani hawasukumwi na ukaidi. Babu zao walilima ardhi ya mabwana wengine na kufukuzwa walipokosa kodi. Waliingia kwenye vita vya ardhi vya 1879 hadi 1882, na ilibidi zije sheria kadhaa, kubwa zaidi ile ya 1903, ndipo wapangaji wakapata mikopo ya kununua mashamba waliyokuwa wakiyalima. Mtu aliyerithi ardhi ya namna hiyo hawezi kusikia neno "hapana" kama anavyolisikia mnunuzi wa fleti Dublin. Tena angalia kaunti ya Leitrim: mwaka 1841 ilikuwa na watu 155,297, na kufikia 1996 wamebaki 25,057. Njaa kuu ya miaka ya 1840 na uhamaji wa vizazi vilivyofuata viliondoa watu watano kati ya kila sita. Katika sensa ya 2022 Leitrim ilikuwa imepanda hadi 35,199. Kaunti kama hiyo ikimwambia anayetaka kurudi kwao kwamba nyumba yake moja itazidisha msongamano, sishangai watu wakipandwa na hasira.

Katika Gaeltacht, maeneo ambamo Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, uchungu ni mkubwa zaidi. Huko pwani ya magharibi, familia changa inayolea watoto kwa lugha hiyo ikikosa kibali, na nyumba iliyo jirani ikanunuliwa kwa ajili ya likizo za kiangazi, hasara haihesabiki kwa nyumba. Lugha inapoteza watoto wa kuizungumza. Hapa naona kabisa kwamba kanuni moja kwa nchi nzima haitoshi.

Kuna pia udhaifu wa kisheria ambao maafisa mipango hawapendi kuukumbuka. Toleo la kwanza la mpango wa taifa, la 2018, liliweka wazi kwamba karibu na miji, anayetaka kujenga shambani aonyeshe haja ya kiuchumi au ya kijamii ya kuishi pale. Lakini tangu 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikwishaamua, katika kesi iliyotoka Flanders nchini Ubelgiji, kwamba kumfungia mtu ununuzi wa ardhi au nyumba mpaka athibitishe kuwa ni wa hapo kunaweza kuvunja uhuru wa raia wa Umoja wa Ulaya kuishi wanakotaka. Kipimo cha "haja" kimekaa kwenye msingi unaotikisika kwa zaidi ya miaka kumi.

Hayo yote nayakubali. Bado nasema barua inaona kitu ambacho shamba halikioni, nacho ni kijiji chenyewe.

Shule ndogo ya msingi Ayalandi hupewa walimu kwa kuhesabu watoto waliosajiliwa tarehe 30 Septemba ya mwaka uliotangulia. Shule ya walimu watatu inaweza kurudi kuwa ya wawili kwa kukosa watoto wachache tu. Utasema nyumba ya shambani nayo ina watoto. Ni kweli, lakini watoto hao hupelekwa shule kwa gari, na mzazi akishawasha gari, dakika tano za kijijini na ishirini za mjini hazitofautiani sana. Atampeleka mtoto kwenye shule iliyo njiani kuelekea kazini, na atanunua mahitaji kwenye duka kubwa lililo njiani kurudi. Duka la kijijini linabaki na maziwa na gazeti la wazee. Mwaka 2018 ilipotangazwa kwamba ofisi 159 za posta zitafungwa baada ya wakuu wake kukubali kiinua mgongo, nyingi zilikuwa za vijijini, na si zote zilikuwa mahali palipokimbiwa na watu. Watu walikuwapo, wametapakaa kilomita tano au sita kutoka kwenye mlango wa posta, na gari limekwisha kuwazoesha kuupita.

Halafu mfikirie huyo kijana akifika miaka themanini. Nyumba nzuri aliyojenga mwisho wa njia isiyo na taa wala njia ya waenda kwa miguu, siku atakapoacha kuendesha gari itamfungia ndani. Mtu anayezeeka kwenye barabara ya kijiji hutembea hadi dukani, na asipoonekana siku mbili kuna anayegonga mlango. Hoja hii husikika mara chache sana kwenye mikutano ya hadhara, labda kwa kuwa anayeomba kibali huwa bado kijana.

Na chini ya ardhi kuna majitaka. Ayalandi ina karibu matangi nusu milioni ya majitaka ya nyumba binafsi. Hukaguliwa machache kila mwaka, na karibu nusu ya yanayokaguliwa hukutwa na kasoro. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya iliikuta nchi na hatia ya kutoyasimamia. Kaunti moja tu, Cavan, ilisalimika, kwa sababu ilikuwa imejitungia kanuni zake tangu 2004. Desemba 2012 Ayalandi ilitozwa faini ya euro milioni 2. Familia nyingi zenye tangi hunywa maji ya kisima kilicho kwenye kiwanja hicho hicho. Kwa miaka mingi Ayalandi imekuwa na kiwango cha juu kabisa Ulaya cha maambukizi ya VTEC, bakteria wanaoweza kuharibu figo za mtoto, na visima visivyotibiwa vimetajwa mara kwa mara kati ya vyanzo vyake, pamoja na kinyesi cha mifugo. Afisa anayeandika kwamba udongo haunyonyi maji vya kutosha anaandika juu ya jambo hili. Anastahili kusikilizwa kuliko anavyosikilizwa.

Lakini takwimu ninayoirudia kila siku ni nyingine. Usiku wa sensa, Aprili 2022, nyumba 166,752 zilikuwa tupu, mbali na nyumba za likizo ambazo peke yake zilipita 66,000. Nyumba tupu si ajabu: moja inauzwa, nyingine inakarabatiwa, mpangaji ametoka jana. Kinachoumiza ni kwamba zaidi ya 48,000 kati ya hizo zilikuwa tupu pia katika sensa ya 2016, na zaidi ya 23,000 zilikutwa tupu mara tatu mfululizo, 2011, 2016 na 2022. Miaka kumi na moja ya madirisha yaliyofungwa, katika nchi ambayo vijana wake wanakaa kwenye vyumba vya utotoni kwa kukosa pa kupanga. Na kwa zaidi ya 27,000 ya nyumba tupu, sababu iliyoandikwa na wahesabu ni kwamba mwenyewe amefariki. Nyumba za marehemu. Warithi wako Boston au Birmingham, mirathi haijafungwa, ndugu hawaelewani, na hakuna aliye tayari kuuza mlango ambao mama alikuwa akisimama. Yeyote mwenye nyumba ya ukoo anauelewa uzito huo.

Sitawahukumu. Ila nikiona barabara ya kijiji ina nyumba nne za marehemu, na kijana wa kijiji hicho hicho anaomba kibali cha kujenga nyumba mpya kilomita tatu nje, najiuliza kwa nini nguvu zote za wanasiasa zimeelekea kwenye kibali. Tangu 2022 serikali inatoa ruzuku ya kufufua nyumba tupu, ambayo sasa ni hadi euro 50,000, na 70,000 kama jengo limechakaa kabisa. Ni fedha nzuri. Lakini ilianzishwa ikilipwa baada ya kazi kukamilika, kwa hiyo aliyeifaidi kwanza ni mwenye akiba au mwenye kukopesheka.

Wako watakaosema kijiji nacho kinaweza kuharibiwa kwa kujengwa, nao wana ushahidi. Mwaka 1998 serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa wajenzi katika eneo la juu la mto Shannon: Leitrim na Longford zote, na sehemu za Cavan, Roscommon na Sligo. Vijiji vidogo vikapandikizwa mitaa mizima ya nyumba zisizo na wa kuzikaa. Uchumi ulipoanguka 2008, ikabaki mitaa ya mahame, yenye mashimo barabarani na nguzo zisizo na taa. Ukaguzi wa 2010 ulihesabu zaidi ya miradi 2,800 ya nyumba isiyokamilika nchi nzima. Kwa hiyo mwanakijiji anayesema "nyumba kumi sawa, sitini hapana" asiitwe mchoyo. Ameshaona sitini zinavyokuwa.

Ndiyo maana nakitazama sana kijiji cha Cloughjordan, kaskazini mwa kaunti ya Tipperary. Kikundi cha watu kilianza kukutana mwaka 1999 kikitaka kujenga makazi yanayotunza mazingira. Wangeweza kununua bonde la mbali wakajitenga. Wao wakanunua ekari 67 nyuma ya barabara kuu ya kijiji ambacho tayari kilikuwa na shule, maduka, na kituo cha treni kwenye reli ya Limerick kwenda Ballybrophy. Wakazi wa kwanza waliingia Desemba 2009, baada ya vikao vya miaka kumi, katikati ya mdororo wa uchumi. Sasa kuna nyumba 55 hivi, miti 17,000 iliyopandwa, shamba la pamoja linalolisha wanachama, na mtambo mmoja wa vipande vya mbao unaopeleka joto nyumba hadi nyumba. Mkazi mpya anatoka mlangoni kwake na kufika kwenye duka la zamani kwa miguu.

Nyumba 55, wakati mpango ulikuwa na nyumba 130 hivi. Wapinzani huinyooshea kidole tofauti hiyo, na huongeza kwamba vijiji vingi havina watu wenye elimu na subira ya kukaa vikao muongo mzima. Treni nayo hupita mara mbili tu kwa siku kila upande. Mimi naona polepole hiyo kama sehemu ya fundisho, maana kijiji kimepata muda wa kuzoeana na wageni wake. Lakini nakubali kwamba hakuna taifa linaloweza kutegemea vikao vya wenye moyo.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Ili kijana akubali kujenga kijijini badala ya shambani, kijiji lazima kiwe na kiwanja chenye bomba la majitaka. Tangu 2014 kazi hiyo iko kwa shirika la maji la taifa, ambalo leo linaitwa Uisce Éireann, huku vibali vikibaki kwa halmashauri. Mwenye kalamu ya kukataza na mwenye koleo la kuchimba ni ofisi mbili tofauti. Broadford na Cooraclare, vijiji vya kaunti ya Clare, vilisubiri mfumo wa majitaka kwa miongo, na ni mwaka 2024 tu serikali ilipovitengea fedha. Miaka yote hiyo, aliyeambiwa "usijenge shambani, jenga kijijini" alikuwa akielekezwa mahali ambapo nyumba mpya haikuwa na pa kuunganishwa. Kwake barua ile ilikuwa amri ya kuondoka, hata kama aliyeiandika hakukusudia.

Nikiupata mpango mpya wa kaunti yoyote nitafungua kwanza kurasa za majitaka. Nitatafuta jina la kijiji, idadi ya nyumba zinazoweza kuunganishwa, na mwaka wa kuanza kuchimba. Pakiwa na mwaka na fedha, nitaendelea kuitetea barua mbele ya yeyote. Safu hiyo ikiwa tupu, kijana akate rufaa kwa ajili ya kona yake ya shamba, nami nitakuwa upande wake.